Bakuli la Mkanda

Mama Mikate aliisikia sauti ile akiwa ameinama kufagia uvungu wa kitanda cha binti. Ilikuwa sauti ndogo ya mkwaruzo, kama mtu anayepumua kwa mafua makali. Ikatoka, ikanyamaza, ikatoka tena. Aliinuka na ufagio mkononi, akatazama dirisha, akatazama mlango, mwisho akakubali jambo ambalo hakutaka kulikubali. Sauti ilikuwa inatoka ndani ya sanduku la nyoka.

Sanduku lenyewe lilikuwa la mbao, refu kama benchi, lenye kioo upande wa mbele. Marehemu mume wake, aliyekuwa mpaka rangi wa nyumba za watu, alilitengeneza kwa mikono yake siku aliporudi kazini na chatu mdogo ndani ya foronya, aliyeachwa na mpangaji aliyekuwa anahama. Binti yake wakati huo alikuwa wa umri wa kung'oka meno ya mbele. Alimtazama yule nyoka aliyejiviringa akamwambia baba yake, "Umeniletea mkanda." Jina likakaa hapo hapo. Mama Mikate aliingia nyumba hiyo baadaye, akaolewa na mgane mwenye mtoto mmoja na nyoka mmoja, na hakuna aliyeweza kusema hakuambiwa mapema.

Sasa alipangusa kioo kilichokuwa kinatoka jasho. Mkanda, ambaye siku zote hulala kama kamba iliyosahaulika, alikuwa ameinua kichwa kwenye pembe ya sanduku, ameuelekeza mdomo darini na kuuacha wazi kidogo. Kwenye tundu la pua kulikuwa na povu lililovimba na kupasuka kila alipotoa pumzi.

"Wewe, una nini?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

Mtu asije akamdhania vibaya. Mama Mikate alikuwa amemtunza yule nyoka kwa moyo wote, na hapo ndipo lilipokuwa tatizo. Alikuwa mwanamke wa kujiamini, mwenye mabega ya mtu aliyekanda unga tangu usichana wake, na mtaa mzima ulikula mikate yake. Binti alipokwenda kusomea umeme katika chuo cha mji wa jirani, alimwachia Mkanda pamoja na maelekezo. Bakuli la maji lisuguliwe na maji yabadilishwe kila siku. Matundu ya hewa juu ya sanduku yasizibwe. Nyoka akififia rangi na macho yakaingia ukungu kama maziwa yaliyochujwa, ajue anakaribia kujivua ngozi. Hapo amwongezee unyevu, lakini kidogo. Mama Mikate alisikiliza kama alivyomsikiliza mtu yeyote aliyemweleza habari za unyevu, yaani kwa heshima zote, bila kuamini kwamba kuna jipya atakaloambiwa. Yeye na unyevu walikuwa watu wa siku nyingi.

Kwa hiyo macho ya Mkanda yalipoingia ukungu, alijua la kufanya. Alikamua taulo akalitandaza juu ya sanduku, kama anavyofunika unga uliokandwa usikauke juu ukapasuka. Aliweka beseni la maji ya moto kwenye kona. Aliziba matundu kwa karatasi ili mvuke usitoroke, na asubuhi na jioni akayanyunyizia maji maranda aliyolalia nyoka. Ukutani mwa sanduku kulikuwa na kipima unyevu. Alipoona mshale wake umefika mwisho kabisa, alifurahi kama mwanafunzi aliyepata zote.

Na bakuli? Ukitaka kuelewa habari ya bakuli sharti ujue kwamba Mama Mikate ana kopo la chachu alilopewa na mama yake mzazi, na kopo hilo halijapata kuoshwa. Ukiosha kopo la chachu umeua chachu. Unachota, unaongeza, unafunika, na kile kilichobaki kinakifundisha kile kipya kazi. Mkono uliozoea hivyo haubadiliki kwa maneno ya mtoto aliye na haraka ya kuwahi basi. Maji ya Mkanda yakipungua, aliongeza. Yalionekana meupe, hayana kitu. Alipolisogeza bakuli vidole viligusa utelezi, nao haukumtia shaka, maana katika kazi yake utelezi ni dalili ya uhai. Kweli ulikuwa uhai, ila si wa kumfaa chatu.

Alifunua sanduku. Harufu iliyotoka ilikuwa ya godoro lililonyeshewa. Alimwinua Mkanda kwa mikono miwili, akamgeuza, na pale alipotazamia tumbo jeupe linalong'aa akaona magamba ya rangi ya kahawia yaliyotutumka malengelenge. Maranda yalimganda. Chini yake, sakafu ya sanduku ilikuwa imeota ukungu kama pamba.

Alikaa kitandani na nyoka mapajani. Aliogopa, na hofu yake haikuwa ya nyoka peke yake.

Binti alikuwa anarudi nyumbani kila baada ya Ijumaa mbili. Hakuwa anarudi kwa ajili ya mama wa kambo. Mama Mikate alilijua hilo kama alivyojua joto la tanuri kwa kiganja. Walikuwa wanaheshimiana, wanapikiana, wanaulizana habari, lakini kati yao hapakuwa na tone la damu, na mwanamume aliyewaunganisha alikuwa amelala udongoni. Binti akifika, anapitiliza moja kwa moja kwenye sanduku, ndipo anarudi kusalimia. Kilichobaki kuwafunga wale wawili kilikuwa Mkanda. Nyoka akitoka katika nyumba hii, binti naye ametoka. Mama Mikate alikuwa amempenda mtoto yule kimyakimya kwa miaka, bila kumwambia, akingoja siku ya kufaa, na siku za namna hiyo hazina haraka.

Wifi yake alimkuta amekaa vilevile. Huyu alikuwa dada wa marehemu, mshonaji, mwanamke mwema mwenye mdomo mwepesi, aliyekuja kuchukua mikate yake na kusimama mlangoni bila kuingia, kwa kuwa aliapa hatakanyaga chumba chenye joka. Kwa muda mrefu alitaka binti ahamie kwake. Alikuwa na chumba kitupu, na mtoto ni wa kwao. Kizuizi kilikuwa nyoka tu. Aliambiwa kilichotokea, akasema alilokuwa nalo.

"Wifi, huyo keshazeeka. Mwache apumzike. Binti akija mwambie umeamka umemkuta amekufa, basi."

"Na akiniuliza kimemuua nini?"

"Nyoka anafanyiwa msiba? Mazishi utafanya wewe, maelezo utatoa wewe."

Wazo lile halikuwa baya kwa kulitazama juu juu. Nani angempasua nyoka kuchunguza? Mama Mikate alilipima kimoyomoyo, akaliona lina sura ya kumfaa mtu mwoga. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kingemuumbua yeye. Watu walikuwa wamezoea kusema mama wa kambo si mama. Hakutaka kuwapa ushahidi. Zaidi ya hayo, nyoka bado alikuwa anapumua. Alimwomba wifi ampe simu iliyokuwa juu ya kabati karibu na mlango, na wifi, kwa mkono mrefu na miguu iliyobaki nje, akampa.

"Nimemharibu Mkanda," alimwambia binti kabla hata ya salamu, akaeleza yote, taulo, beseni, matundu na ukungu. Upande wa pili kulikuwa na kelele za karakana. Kisha mlango ulifungwa, kelele zikakatika.

"Bakuli ulikuwa unaliosha?" binti aliuliza.

"Nilikuwa naongeza maji."

"Ulikuwa unaongeza."

"Ndiyo."

Halafu binti akamwelekeza kwa daktari wa mifugo aliye nyuma ya stendi, akamwambia ampeleke sasa hivi, kwenye kitambaa kikavu, akarudia, kikavu, asipigwe na baridi njiani. Akakata simu bila kumwita anti kama alivyozoea.

Kwa daktari watu walikuwa wamebanana kwenye benchi na mbwa na paka wao, mpaka mmoja alipouliza kilichomo kwenye kapu. Mama Mikate akajibu. Baada ya hapo alipata nafasi ya kukaa, na hata ya kulala kama angetaka.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa gambuti. Alifungua mdomo wa Mkanda kwa kijiti bapa, akamulika koo, akalitazama tumbo kwa muda mrefu.

"Huyu anaishi wapi? Bwawani?"

Mama Mikate alimweleza jinsi unga unavyoumuliwa, maana hakuwa mtu wa kuficha mantiki yake. Daktari alianza kucheka, alipomwona uso akaacha.

"Mama, unga unaumuka kwa muda mfupi, halafu unaingia motoni. Uchafu wowote uliozaliana humo unaungua. Huyu umemuumua siku baada ya siku, na motoni haendi."

Mama Mikate alilimeza hilo. Lilikuwa jibu la haki, na alipenda haki hata ikimpiga yeye. Daktari akaendelea, akimsafisha nyoka malengelenge taratibu kwa pamba. Alisema chatu wa aina hii anahitaji unyevu, ndiyo, lakini unyevu wa hewa inayopita, si maji yaliyolala chini yake. Tumbo linataka pakavu. Ukiziba matundu, hewa inaoza, mapafu yanajaa, na nyoka hajui kukohoa kama sisi akautoa uchafu.

"Na lile bakuli," alisema, "anakunywa humo, anaoga humo, akijisikia anajisaidia humo humo. Wewe ungekunywa?"

"Atapona?"

"Sindano nitampiga, na mtarudi kwa nyingine. Lakini sindano ni msaidizi tu. Atapona kwa usafi, ukavu na joto. Siahidi kitu."

"Mimi naahidi," alisema Mama Mikate. Daktari akamtazama kama mtu asiyejua alie au acheke.

Jioni ile sanduku lilitolewa uani. Maranda yote yaliishia jalalani. Alilisugua kwa maji ya moto na sabuni, akalipitishia dawa ya kuua vijidudu aliyopewa, akasuuza mpaka harufu ya dawa ikaisha, akaliacha likauke kabisa. Alizibua matundu kwa msumari, moja baada ya jingine, akipuliza kila tundu kuhakikisha. Chini alitandika karatasi nyeupe tupu, ili uchafu ukidondoka usipate pa kujificha. Taa ya joto ikawekwa upande mmoja, upande wa pili ukaachwa uwe wa baridi kidogo. Kwa ngozi iliyokuwa imekwama, daktari alimfundisha kuweka kikasha kidogo chenye mlango, ndani yake kitambaa chenye unyevu kilichokamuliwa vizuri. Nyoka akitaka unyevu ataingia, akitosheka atatoka. Mama Mikate alilifikiria hilo akiwa amepiga magoti. Unga hauna pa kwenda, ukiufunika umefunikwa. Huyu, ingawa naye hana miguu, anapo.

Alinunua bakuli la pili, zito, ili moja likiwa kazini jingine liwe juani. Kila alfajiri, kabla ya unga, lilianza bakuli. Alimwaga, akasugua kwa sabuni na brashi iliyotengwa kwa kazi hiyo, akapitisha kidole ndani ya ukingo mpaka kidole kikalia. Kisipolia, bakuli lilirudishwa kwenye sabuni. Ndipo akanawa mikono mpaka viwikoni na kwenda kuchota chachu kutoka kopo lake lisilooshwa, bila kuona ubishi wowote kati ya vile viwili. Kila chombo na sheria yake. Yeye alikuwa amekosea chombo tu.

Wateja waliouliza hali ya joka waliambiwa anapona. Aliwaambia hivyo hata zile siku ambazo povu lilikuwa bado linatoka, na sauti yake haikutetereka, maana aliona haifai mgonjwa akate tamaa kwa kusikia mambo mlangoni. Kisha povu likapungua. Mkwaruzo ukawa wa kusikika ukikaribia tu, halafu hata ukikaribia hausikiki. Malengelenge yalikauka yakawa makovu. Ngozi ya zamani ilitoka kwa vipande vipande, kama rangi kuukuu ukutani, na kipande cha mwisho, kilichofunika jicho la kushoto, Mkanda alikiacha mwenyewe ndani ya kikasha.

Ijumaa yake ya kurudi ilipowadia, binti alifika. Shikamoo yake ilikuwa fupi. Alikwenda kwenye sanduku, akamtoa nyoka, akamgeuza, akaweka sikio karibu na kichwa chake na kusikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Akakagua tumbo gamba kwa gamba. Mwisho akaingiza kidole ndani ya bakuli na kukizungusha.

"Pasafi," alisema.

Mama Mikate alikwenda jikoni kutafuta kitu ambacho hakikuwepo, ili asionekane anatabasamu. Walikula vizuri usiku ule. Binti alisimulia habari za chuo, jinsi mwalimu wao alivyorushwa na umeme akiwa anawafundisha namna ya kutorushwa na umeme, na wote wawili walicheka mpaka Mama Mikate akaweka kijiko chini. Alilala akijua kwamba ameshinda.

Kesho yake asubuhi binti alisema ataondoka na Mkanda. Alikuwa amepata chumba cha kupanga nje ya chuo pamoja na mwenzake asiyeogopa nyoka, na mwenye nyumba amekubali. Gari la kubeba sanduku linakuja mchana.

"Si umeona anapona?" Mama Mikate aliuliza.

"Nimeona, anti."

"Na bakuli umeligusa mwenyewe."

"Nimeligusa. Si kwamba nimekasirika. Nilikasirika, imeisha. Ila nikiwa darasani natakiwa niwaze nyaya, mimi nawaza bakuli. Siku moja nitashika waya nisioutaka."

Hilo nalo lilikuwa jibu la haki. Mama Mikate alisimama akishika ukingo wa sanduku, na safari hii haki haikumpendeza hata kidogo. Ilimuuma. Alikuwa amezoea kwamba kosa likirekebishwa limekwisha, kama mkate ulioungua unavyotupwa na mwingine kuingizwa. Miaka yote alikuwa akingoja siku ya kufaa ya kusema, akaona hakuna siku ila hii mbaya.

"Ukimchukua yeye, hutarudi," alisema. "Mimi sina cha kukurudisha. Nakupenda kama mtoto wangu, lakini sina cha kukurudisha."

Binti alikuwa anakaza skrubu ya kifuniko. Aliendelea kuikaza hata ilipokuwa imekwishakaza. Gari lilipofika, dereva aligoma kushika upande wenye kioo, kwa hiyo Mama Mikate na binti ndio waliolibeba sanduku, mmoja mbele mmoja nyuma, wakipishana na majirani waliorudi nyuma kwa adabu. Nyoka alikwenda kiti cha mbele, ndani ya kapu, mapajani mwa binti. Dereva akaendesha ameegemea mlango wake.

Wifi alikuja kuchukua mikate na, kwa mara ya kwanza, aliingia chumbani akatazama pembe iliyobaki wazi. Alisema sasa likizo binti atakuwa anafikia kwake, alisema kwa upole, bila kujigamba. Mama Mikate alimjibu kwamba mlango wa shangazi ni mlango wa mtoto, aende popote atakapolala vizuri. Alimaanisha. Akamwongezea mkate mmoja, na wifi hakujua aupokee kwa furaha au kwa aibu.

Alfajiri mikono iliendelea kuamka na ratiba yake. Mara mbili tatu alijikuta sinki limejaa maji ya moto na hakuna cha kuosha. Ijumaa ya kurudi binti ilifika, ikapita. Hakupiga simu kuuliza. Mtu haulizii deni ambalo hakukopesha. Alikanda, alioka, aliuza, alibishana na mwenye duka kuhusu mikate aliyodai imepungua unene, akashinda. Ijumaa nyingine ilipokuja hakuihesabu.

Jioni ya siku hiyo alikuwa na mikono ndani ya unga mpaka kwenye vifundo aliposikia mlango wa nje ukifunguliwa bila hodi. Binti aliingia jikoni na mkoba begani, nywele zimejaa vumbi la njia. Hakuwa na kapu. Mama Mikate aliacha kukanda.

"Amekufa?"

"Nani? Mkanda? Mzima, anti. Amejivua juzi, ngozi nzima, kutoka puani mpaka mkiani, haikukatika hata mahali."

"Yuko wapi?"

"Kwa mwenzangu kule. Nimemfundisha bakuli."

"Kuna ulichosahau hapa?"

"Hapana."

Mama Mikate alimtazama. Alitaka kuuliza tena, swali lenyewe hasa, akaona unga unaanza kumkauka vidoleni, akaukanda mara moja, mara mbili. Binti naye alitazama mezani, juu ya kabati, kwenye rafu, kama mtu anayehakikisha vitu viko palepale.

"Kuna chai?" akauliza.

Mama Mikate alimwonyesha chupa ya chai kwa kidevu, kwa kuwa mikono haikuwa ya kuonyeshea. Binti alitua mkoba kwenye kiti, akarudi mlangoni, akavua viatu kwa visigino bila kuinama na kuviacha kando ya kandambili za mama wa kambo. Kimoja kililala ubavu. Hakugeuka kukisimamisha, alikuwa ameshachukua kikombe.